Uzi: Unajuaje kama umeitwa kuwa mtunza nyaraka? Nina miaka 36

#1 Mpangua_Vumbi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mhasibu, huu ni mwaka wa 11. Miezi minne iliyopita ofisi yetu ilikuwa inahama jengo, nikapewa kazi ya kusafisha stoo pamoja na kijana mmoja wa mafunzo. Agizo lilikuwa la mdomo tu: vitabu vya hesabu vya karibuni tubebe, vingine vyote vichomwe.

Siku ya pili nikaangukia boksi la barua. Zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi wa katani. Nikafungua fungu moja nione kama tarehe zinafuatana (ugonjwa wa kihasibu huo). Hazifuatani. Juu kuna malalamiko ya mwezi wa 3, chini yake kikaratasi cha penseli: "amekuja mwenyewe, amekaa mpaka jioni." Halafu jibu la mwezi wa 9. Halafu barua ya mtu mwingine kabisa, ya mwaka uliotangulia. Nikajua ni ovyo tu, nikaanza kuzipanga upya kwa tarehe. Nilikuwa nimefika kama barua ya 20 ndipo nikashtuka: aliyezifunga alikuwa anafuata mgogoro, si kalenda. Yule mtu mwingine alikuwa shahidi. Ukiuvunja ule mfuatano, kile kikaratasi cha penseli hakimhusu mtu yeyote.

Nikakaa sakafuni kuzirudisha zilivyokuwa. Sikuweza zote.

Boksi hilo lipo, nililiombea kibali. Mengine 17 yalichomwa. Tangu siku hiyo nikifungua vitabu vya hesabu macho yanasoma, kichwa hakipo.

Sasa naomba kuuliza: huu ni wito, au nimechoka tu na uhasibu natafuta pa kukimbilia? Na kwa umri huu mtu anaanzia wapi kuisomea kazi hii?

#2 Nimekaa_Pale

Ngoja waje wenye fani. Mimi nimekaa pale.

#3 MzeeWaMasjala

Mleta mada, neno wito lisikuzuzue. Mimi nilipelekwa masjala kwa adhabu. Nilikosana na mkubwa wangu, na enzi hizo masjala ndiko walikokuwa wanatupa watu waliowachosha. Mwaka wa kwanza niliandika barua za kuomba uhamisho mpaka karani wa barua akawa ananicheka. Mwaka wa tatu nikawa nikishika jalada tu mkononi najua folio (karatasi yenye namba yake ndani ya jalada) imechomolewa. Leo ni mwaka wa 22.

Hakuna aliyeniita. Nilikaa, mapenzi yakanikuta kazini.

#4 Tomaso_Asiyeamini

Mzee hayo si mapenzi, ni mazoea. Hata mfungwa huizoea selo yake.

#5 MzeeWaMasjala

#4 kijana, mfungwa akifunguliwa hutoka. Mimi nimestaafu mwaka jana na bado naenda kila Jumatano kuwaonyesha wapi kitu kiko.

#6 Bi_Shubaka

Mnazungumza ya moyoni, mimi niingize ya kazini.

Kwanza tuweke majina sawa, maana watu huchanganya. Masjala hushughulika na kumbukumbu zilizo hai, zile zinazotumika kila siku. Zikipungua matumizi zinakuwa nusu hai, zinapelekwa kituo cha kumbukumbu kusubiri muda wake. Muda ukiisha zinapimwa: nyingi zinateketezwa kwa utaratibu na kwa saini, chache zinahifadhiwa kwa kudumu. Hizo chache ndizo nyaraka. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani yenyewe husema kinachobaki kwa kudumu ni kati ya asilimia 1 na 3 tu ya kumbukumbu za serikali yao.

Kwa hiyo dada au kaka, usidhani unakuja kwenye kazi ya kuokoa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuachia. Nimeona wenye moyo wa kulilia kila karatasi, hawafiki mwaka wa pili. Ndiyo maana nakuuliza jambo ambalo halijaulizwa: yale mengine 17, unajua ndani yake kulikuwa na nini? Kama hujui na unayalilia yote sawasawa, huo ni msiba, bado hatujafika kwenye wito.

Ila ulichokigundua sakafuni kina jina. Tunaita mpangilio wa awali: unaziacha karatasi katika mfuatano aliozipa mwenyewe alipokuwa akizitumia. Pacha wake ni kanuni ya asili, kwamba karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine hata kama zinazungumzia jambo lile lile. Wafaransa waliiandikia waraka wa serikali mwaka 1841 baada ya miaka ya kupanga nyaraka kwa mada na kuharibu mengi. Waprusi, Wajerumani wa dola ya Prussia, wakaikaza 1881. Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakaziweka kanuni hizi kitabuni mwaka 1898. Wewe umefikia pale pale kwa mchana mmoja, tena kwa kuharibu kwanza kama wao. Hapo ndipo ninapokuona.

#7 Wino_wa_Chuma

Bi Shubaka ameshamaliza. Niongeze la shule tu: Wafaransa wana shule kongwe. École des chartes ya Paris ilianzishwa na Napoleon na mpaka leo inatoa watunza nyaraka.

#8 Tarehe_Kwanza

#7 mkuu hapana. Ilianzishwa Februari 1821, mfalme akiwa Louis XVIII. Napoleon wakati huo alikuwa mfungwa kisiwani Saint Helena, na Mei mwaka huo huo akafariki. Shule angeifungulia wapi?

#9 Wino_wa_Chuma

Yaishe, nimekosea. Ila wazo la shule ya namna hiyo lilishapita mezani kwake kabla, hilo uniachie.

#10 Tarehe_Kwanza

Hilo nakuachia. Waongeze na Wajerumani, wana shule yao Marburg tangu 1949.

#11 Kichwa_Ngumu

Samahani wataalamu, niwe mjinga wenu leo. Mtu asome miaka miwili ya nini? Mashine za kuskani zipo. Skani kila kitu, weka kwenye seva, karatasi choma, kila mtu alale. Mnajipa kazi.

#12 Nimekaa_Pale

Uzi umeanza kunoga.

#13 Biti_na_Bahasha

#11 nimekuwa nikisubiri mtu aseme hivyo.

Mwaka 1086 Waingereza waliandika kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi na wenye ardhi. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC wakatengeneza Domesday yao ya kisasa kwenye diski za leza: picha, ramani, maandishi ya watu wengi. Miaka 15 hivi baadaye, mashine za kusoma diski zile zilikuwa zimekuwa adimu, wataalamu ikabidi wahangaike kuokoa kilichomo. Kile cha ngozi cha 1086 unakifungua tu, mradi unajua Kilatini chao cha mkato.

Kuskani ni mwanzo wa kazi. Faili unalihifadhi kwa fomati gani? Nani ataangalia miaka 10 ijayo kama halijaharibika kimyakimya? Sisi tunafanya hivi: programu inalipigia faili hesabu na kutoa namba moja ndefu. Namba ile inatunzwa. Kila baada ya muda hesabu inarudiwa, na biti moja tu (chembe ndogo kabisa ya data) ikibadilika namba inakuja tofauti kabisa. Nimewahi kukuta faili 3 kati ya maelfu zimebadilika na hakuna aliyezigusa. Bila ile namba zingefunguka vizuri tu, zikiwa na uongo ndani.

Mleta mada: mimi nimetokea kompyuta, sikusoma historia hata kidogo, na nina mzio wa vumbi. Unaponisikia nikitaja wito, namaanisha wasiwasi. Mtunza nyaraka ni mtu asiyeamini kwamba kitu kilichopo leo kitakuwepo kesho. Ukiwa hivyo tangu utotoni, huna pengine pa kwenda.

#14 Kichwa_Ngumu

#13 nimekuelewa lakini karatasi nayo isijivune. Jengo la nyaraka za mji wa Köln, Ujerumani, liliporomoka tarehe 3 Machi 2009, walikuwa wanachimba njia ya treni ya chini ya ardhi jirani. Nyaraka za karne kumi zikaenda na kifusi, na watu wawili wa nyumba za jirani wakafa. Ngozi yako ya 1086 ingefanya nini hapo?

#15 Biti_na_Bahasha

Hapo umenishika. Ila endelea na hadithi: nyingi zilifukuliwa, zilizolowa zikagandishwa kwanza kwenye baridi kali zisiote kuvu, ndipo zikakaushwa taratibu. Na sehemu ilikuwa na nakala za filamu ndogo (kurasa zilizopigwa picha zikapunguzwa) kwingine. Anayepona ni mwenye nakala zaidi ya moja, sehemu zaidi ya moja. Karatasi au diski, sheria ni hiyo hiyo.

#16 Mama_Lebo

Jamani nimeingia kusoma tu, lakini mmenitia hofu. Vyeti vyangu vyote nimelamineti. Viko salama si ndiyo?

#17 Gundi_ya_Ngano

#16 pole sana mama. Kulamineti ni plastiki na joto vikishikana na karatasi, kuvitenganisha bila kuumiza karatasi ni shughuli. Sisi tunaotibu karatasi tuna sharti moja kubwa: usifanye kitu ambacho mwenzako baadaye hawezi kukitengua. Ndiyo maana mpaka leo tunapika gundi ya wanga wa ngano, kwa sababu maji yanaiachisha. Seloteipu ni adui: gundi yake inazama kwenye karatasi, inageuka kahawia, plastiki inabanduka yenyewe na doa linabaki. Usilamineti kingine. Hivyo vilivyopo viweke mbali na jua, usijaribu kuvibandua.

Na kwa kuwa tumefika huku, mleta mada atafundishwa haya wiki ya kwanza. Klipu na pini za stepla zinapata kutu na kutu inakula karatasi, zitoe kwa subira, usivute. Kalamu ya wino haiingii chumba cha nyaraka, ni penseli tu. Filamu za zamani za asetati (aina ya plastiki) zikinuka siki ujue zimeanza kuoza, na harufu hiyo huambukiza za jirani, zitenge. Wino wa zamani wa chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni (mwenye jina hilo yuko #7) unaweza kuutoboa ukurasa pale pale palipoandikwa, ukainua ukaona herufi kwa matundu.

Halafu usidhani karatasi kuukuu ndiyo dhaifu zaidi. Ya miaka 400 iliyotengenezwa kwa matambara ya kitani mara nyingi ni imara kuliko gazeti la miaka 80, maana kuanzia katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa rojo la mti, na asidi yake inajila yenyewe.

#18 Tomaso_Asiyeamini

Na glavu nyeupe je? Kwenye sinema lazima avae.

#19 Gundi_ya_Ngano

Kwenye sinema. Kwa karatasi ya kawaida mikono safi iliyokauka ni bora, glavu inakuondolea hisia za vidole unachana ukurasa bila kujua. Glavu ni za picha, filamu na vitu vya metali.

#20 Mama_Lebo

Ahsante. Nimeenda kuvitoa dirishani.

#21 Mwanagenzi_Mkubwa

Nipo darasani sasa hivi, nilianza nikiwa na 41, kwa hiyo #1 uache kuhesabu miaka. Njia zinatofautiana nchi kwa nchi, lakini nilizoziona ni tatu. Kuna wanaosomea utunzaji wa kumbukumbu tangu shahada ya kwanza. Kuna wenye shahada nyingine yoyote wanaoongeza stashahada ya uzamili au shahada ya pili. Na kuna waliopandia ndani, kama Mzee wetu hapo juu, wakasoma wakiwa kazini. Uhasibu haukuzuii njia ya pili, na nakwambia unakusaidia: umeshafundishwa kwamba hati ya malipo bila saini si kitu na kwamba kila namba ina karatasi yake nyuma. Wenzangu waliotoka fasihi ilibidi waanze kujifunza hilo.

Tunachosoma: kutathmini, kupanga na kueleza, kusoma miandiko ya zamani, sheria za siri na faragha (kuna majalada huruhusiwi kumpa msomaji hata akilia), uhifadhi, na mambo ya #13. Kinachotugombanisha darasani ni kutathmini. Mwingereza Hilary Jenkinson aliandika mwaka 1922 kwamba mtunza nyaraka asichague: ofisi iliyozitengeneza ndiyo iamue, yeye alinde alicholetewa. Mmarekani Theodore Schellenberg akaja 1956, serikali yake imezama kwenye karatasi, akasema ni lazima mtunza nyaraka achague akiwatazama watafiti wa baadaye. Mwalimu wetu akiwataja hao wawili kipindi kimeisha.

Kuhusu wito sina la kusema. Mimi nilifuata mke wangu kwenye maktaba, nikaingia mlango usio wenyewe.

#22 Tomaso_Asiyeamini

Hatimaye mtu mmoja mkweli.

#23 Haki_Mpaka_Mwisho

Sikutaka kuchangia ila mmekaa sana kwenye vumbi na gundi.

Baba yangu alistaafu, faili lake la ajira halikuonekana. Ofisi siitaji. Miaka minne anaambiwa "rudi wiki ijayo". Akafa. Miezi saba baada ya mazishi karani mgeni akalikuta: lilikuwa limewekwa kwa jina lake la kwanza badala ya la ukoo, mashubaka mawili kutoka pale walipokuwa wakimwambia halipo. Mawili. Mimi nimeyahesabu kwa miguu.

Nilikwenda kusomea kazi hii mwaka uliofuata. Sipendi harufu ya karatasi kuukuu, sipendi historia, sina wasiwasi wa #13 wala mazoea ya #3. Nina hasira. Kila jalada ninaloliweka mahali pake naliwekea mtu aliye kwenye foleni. Ukiuliza wito wangu uko wapi, uko hapo.

#24 MzeeWaMasjala

Pole sana mwanangu. Sisi wa masjala tunastahili kuambiwa.

#25 Bi_Shubaka

#23 pole. Na ahsante.

#26 Mpangua_Vumbi

Nimerudi. Kwanza mimi ni dada. Pili nilichelewa kwa sababu swali la #6 lilinikaa vibaya. Nilichukua karatasi niandike yale maboksi 17 yalikuwa na nini. Nimekumbuka lebo tatu. Tatu tu, na moja ilikuwa risiti za mafuta ya gari, ambazo kusema kweli hata mimi ningezichoma.

Nimepata sehemu ya kujitolea kila Jumamosi, hifadhi ndogo. Kazi yangu ya kwanza: kutoa pini kwenye maboksi manne. Wiki ya kwanza nilikuwa kama bibi harusi. Wiki ya pili nilichoka mpaka nikatamani vitabu vyangu vya hesabu. Wiki ya tatu sijui. Je, kuchoka kunamaanisha sikuitwa?

#27 MzeeWaMasjala

Karibu masjala, binti. 😀

#28 Biti_na_Bahasha

Ukitoa pini boksi la nne bila kuchoka ndipo tungekuwa na wasiwasi na wewe.

#29 Haki_Mpaka_Mwisho

Kuchoka si kitu. Je, ulitoa pini ya mwisho kwa uangalifu kama ya kwanza? Jijibu mwenyewe.

#30 Tomaso_Asiyeamini

#29 hapo tumeshahama kwenye wito tumeingia kwenye nidhamu, tukubaliane. Mhasibu yeyote mzuri angefanya hivyo.

#31 Bi_Shubaka

#26 usiache kazi bado. Soma jioni kama kuna nafasi, na fanya zoezi hili kwa boksi lako la barua. Baraza la Kimataifa la Nyaraka, lililoanzishwa 1948, lina mwongozo wa kueleza nyaraka unaoitwa ISAD(G). Una vipengele 26 lakini sita ndivyo vya lazima: namba ya rejea, kichwa, mtengenezaji, tarehe, ukubwa, na ngazi unayoieleza. Jaza hivyo sita kwa boksi zima kwanza, usianze na barua moja moja. Ukishindwa kipengele cha mtengenezaji uje hapa, maana wengi hushindwa hapo wakidhani ni rahisi.

#32 Mpangua_Vumbi

Nimejaribu jana usiku. Namba nimebuni. Ukubwa: boksi 1, mafungu 9. Mtengenezaji nimebadilisha mara tatu: ofisi? Idara? Au yule karani aliyefunga uzi, ambaye jina lake halipo popote?

Halafu kimetokea kitu. Fungu lile la kwanza, nililolifungua stoo, ndani yake kuna ufunguo. Mdogo, wa chuma, una kutu, hauna lebo. Umeacha umbo lake la kahawia kwenye karatasi. Naufanyaje?

#33 Gundi_ya_Ngano

Utoe. Kutu itaendelea. Uweke kwenye bahasha yake isiyo na asidi, na mahali ulipokuwa acha kikaratasi kinachosema umeondolewa na uko wapi.

#34 MzeeWaMasjala

Usiutoe mpaka umejua kufuli lake. Ukishautoa umekuwa ufunguo tu.

#35 Mpangua_Vumbi

Mzee, jengo la zamani limeshabomolewa.

#36 Bi_Shubaka

Andika: "Ufunguo 1, chuma, kufuli halijulikani." Na uandike ulikuwa kati ya karatasi ipi na ipi. Hilo ndilo muhimu kuliko ufunguo.

#37 Mpangua_Vumbi

Umbo la kutu liko nyuma ya kile kikaratasi cha penseli, na jingine hafifu liko kwenye barua ya shahidi. Lakini hizo mbili hazikukutana nilipofungua, kati yao palikuwa na jibu la mwezi wa 9, nami ndiye niliyezichanganya. Sasa sijui kama karani ndiye aliyeliweka jibu pale katikati au mimi.

#38 Nimekaa_Pale

Jibu lenyewe lina kutu?

#39 Mpangua_Vumbi

Halina.